Baba Aulizwe

Nyakato, Musoma

Kaka Makongoro,

Shikamoo. Habari za Butiama? Wifi na watoto hawajambo? Mvua imewafikia? Mimi mdogo wako ni mzima, ila presha inanipanda kwa ninayotaka kukuambia. Kwa simu ungenikatia, nakujua.

Kuna kanisa dogo huku kwetu, wale wanaoitwa Wamormoni. Jirani yangu Isidori anasaliga huko. Siku moja akaniambia eti wao hubatiza hata waliokufa. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, nikamuuliza kama wanafukua makaburi. Akasema hapana, aliye hai huzamishwa majini kwa jina la marehemu, mwanamume kwa mwanamume, mwanamke kwa mwanamke, kwenye hekalu lao Nairobi. Na marehemu halazimishwi. Huko aliko ana hiari ya kukubali au kukataa.

Hapo kicheko kikaniisha, kaka. Nilimkumbuka baba. Unajua kilichomzuia kubatizwa: katekista alimtaka kwanza amwache mke mdogo, yaani mama yetu. Baba akasema ubatizo huo wabaki nao. Akafa hivyo hivyo, tukamzika bila padri, na bado inaniuma.

Usiseme huu ni ushirikina. Kitindamimba wako alipolia kutwa kucha, si mlimtajia majina ya marehemu mpaka akanyamaza kwa Mniko, jina la baba? Na wewe ni mwenyekiti wa jumuiya! Nchi hii kila mtu na dini yake, lakini baba ni wetu sote.

Sasa nikuambie bila kuzunguka. Nimebatizwa huko. Nimeomba baba naye afanyiwe, na Isidori ndiye atakayezama kwa niaba yake. Ila kwanza walitaka ruhusa ya mjane. Mama alipokuja kliniki ya macho nilimweleza yote, nikijua atanifokea. Badala yake akauliza kama na hawa watamtaka baba amwache mtu. Nikasema hapana.

Akasema, “Basi mwulizeni. Zamani hawakumuuliza, walimwamuru.” Akajifuta macho, akaongeza, “Na akikataa tena, nitajua bado ananichagua mimi.”

Mama amesema nisikuombe ruhusa, nikupe taarifa tu. Lakini mimi naomba, kaka.

Nisalimie wifi, na umbusu Mniko mdogo kwa niaba ya shangazi yake.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Tereza