Ukurasa wa Bunia, Ukurasa wa Fort Portal

Jumanne, 4 Juni
Nimesahihisha daftari za jografia hadi saa tisa, kisha nikarudi kwenye ukurasa wa Bunia. Papa Anselme, mwenye nyumba ya wageni, anataka karatasi ya kuwavuta wasafiri: upande mmoja Bunia, upande wa pili Fort Portal, Uganda, ambako ana mwenzake wa biashara. Nimeandika soko, samaki wa Kasenyi, okapi, wanyama wa msitu wa Epulu, kwa mwenye muda. Yote kweli. Yote hayana ladha.

Ijumaa, 7 Juni
Kasenyi, boti kuvuka ziwa hadi Ntoroko, kisha gari, kwa ajili ya ukurasa wa pili. Fort Portal ni safi. Chai vilimani, milima ya Rwenzori ndani ya mawingu. Nimefikia kwa Yaya Furaha, dada yangu mkubwa. Alikimbia Bunia wakati wa vita, mtoto mgongoni. Hajarudi hata siku moja. Anauza vitenge, anasema Kitooro, lugha ya kule, kama mzaliwa.

Jumamosi, 8 Juni
Nilimsomea ukurasa wa Bunia. Akaweka pasi chini.
“Weye uko unaita watu mahali siye tulikimbia?”
Nikamwambia mimi ninaishi kule kila siku.
“Basi andika vile unaishi.”
Nimekasirika. Tumekula kila mtu na sahani yake.

Jumatano, 12 Juni
Nimerudi Bunia. Hasira imeisha, imebaki aibu. Nimeandika upya. Kwamba nyumba zilichomwa, na wenyewe wakajenga. Kwamba kabla ya safari lazima uulize hali ya barabara, nasi pia huuliza. Kwamba asubuhi, ukungu ukiinuka, huu ni mji wa kupendeza.

Alhamisi, 13 Juni
Papa Anselme amekata nusu kwa biki nyekundu.
“Mwalimu, weye unafukuza wateja!”
Nimemwambia basi aandike mwenyewe, na jina langu aliondoe. Naogopa watu wakubwa, na nimechoka kuogopa.

Jumatatu, 17 Juni
Amerudisha maneno yangu yote. Mke wake aliyasoma, akamwambia, “Iko kweli. Acha.” Nimemtumia Yaya picha ya ukurasa.

Ijumaa, 21 Juni
Yaya amejibu: “Nakuja. Nataka kuona na macho yangu.” Sikulala vizuri. Je, akiona vibaya? Ni mimi nilimwita.

Jumanne, 25 Juni
Tumekwenda na Yaya mtaa wa Bigo, kwenye kiwanja chetu cha zamani. Kuna nyumba ya watu wengine. Yaya alisimama barabarani muda mrefu, mkoba kifuani. Mama wa pale akatoka. Nilidhani patakuwa na maneno.
“Mulikuwa munaishi hapa?”
Yaya akaitika kwa kichwa. Yule mama akaleta kiti, akaenda kuita watoto wake waje kusalimia. Yaya akawauliza majina, mmoja mmoja. Hapo ndipo alipolia.

Alhamisi, 27 Juni
Nimemsindikiza Kasenyi. Nilimwomba abaki. Akasema, “Kwangu iko kule sasa. Lakini hapa nitakuwa nakuja kutembea.” Hakusema kwa uchungu. Aliingia botini, akajifunika kitenge kwa sababu ya upepo, akaanza kuongea na mwanamke aliyekaa kando yake. Nilimwona anacheka. Nimebaki ufukoni hadi boti ikawa nukta. Kisha nikanunua samaki wawili, nikapanda gari kurudi nyumbani.