Siku Mkwe Alipoingia Kwenye Dansi

Jumamosi, jua linaelekea kuzama. Mchana kutwa wadudu wa kungu walisimama juu ya ziwa kama moshi, joto likatubana, na mimi naandika kwa furaha. Miguu imevimba. Iache ivimbe.

Leo tumecheza tena dansi ya Lusekelo.

Lusekelo ni jirani yetu hapa Ikolo. Alikuwa akichochea kuni kwenye stima ya Wajerumani, akarudi nyumbani na kinanda cha kuvuta na ngoma ngeni, ya mwanamume na mwanamke kushikana mikono. Katika ngoma zetu kila mtu huruka kivyake, wanaume na mikuki yao, sisi wanawake tukipita katikati yao. Wazee waliposikia habari ya kushikana, waliguna. Mzee wa kanisa aliguna kuliko wote. Mwisho wakaturuhusu, lakini kwa sharti: likitokea jambo la aibu, kinanda kinafungwa na hatutakisikia tena.

Ndiyo maana tumekuwa wakali wa adabu. Mikuki inachomekwa nje, kwenye migomba. Pete na bangili za shaba zinavuliwa, maana ile siku ya kwanza bangili ya mtu ilimchubua rafiki yangu Anna kuanzia kiwiko mpaka kifundo. Mwanamume hamvuti mtu. Ananyoosha kiganja wazi na kungoja, na mwanamke asiyetaka anaweka mikono nyuma, yameisha, hakuna kununa. Na ukishaingia, humwachi mwenzio katikati ya wimbo. Hiyo ya mwisho ndiyo ninayoipigia kelele kuliko zote. Sipendi mtu akatize wimbo mtamu.

Kusema kweli sipendi hata uishe. Tangu niolewe sijapata kitu changu mwenyewe kama hiki.

Tunajipanga maduara mawili. Wanawake ndani tukitazama nje, wanaume nje wakitutazama. Lusekelo akigonga mbao ya kinanda, wanaume wote wanasogea kushoto kwao, kila mmoja anampata mwenzi mpya. Leo uwanja ulijaa. Nilikuwa nimegeuka vizuri, vumbi linapanda, nacheka na mtu wa Bujonde nisiyemjua hata jina, ndipo Anna aliyekuwa kando yangu akanivuta kaniki.

"Usitazame kushoto," akaninong'oneza. "Baba mkwe wako ameingia. Mbao ikilia tu, ni wewe."

Damu yote ikanishuka miguuni.

Jina lake siliandiki hata hapa, maana mke wa mwana halitaji. Anakaa kijiji kingine na wenzake wa rika lake, na njia zao si njia zetu. Nikimwona kwa mbali natoka njiani, nachuchumaa majanini, najifunika mpaka apite. Hajapata kuniona uso wala mimi wake. Mkwe akimgusa mke wa mwanawe ni ng'ombe kuchinjwa, ni mimi kurudishwa kwetu Makwale, na tumbo langu kusemwa kwamba halitashika mimba. Leo alikuwa akipita na safari zake, akasikia kinanda, akaona pengo kwenye duara. Nani angemzuia? Inasemekana enzi zake hakuna aliyemfikia kwa kucheza.

Sisi tulikuwa tumefikiria mikuki, bangili, vidole vya miguu kukanyagwa. Wakwe hatukuwafikiria! Watu wa Ikolo kabisa, tumesahau wakwe!

Nikitoka mbio, namwacha mwenzangu katikati ya wimbo na duara linavunjika mbele ya wazee. Nikibaki, mkono wake unakuja. Nilimwona mume wangu Asajile ng'ambo ya uwanja, mdomo wazi, hawezi hata kupiga kelele. Lusekelo, ambaye hakujua lolote, akainua kiganja agonge mbao.

Nikachuchumaa. Nilijifunika kaniki kichwa chote nikawa kifurushi pale chini, katikati ya miguu ya watu. Anna akatanua nguo yake mbele yangu kama pazia. Mbao ikalia. Nikasikia wanaume wanasogea, kisha nyayo zikasimama karibu yangu kabisa, nikaacha kupumua.

Zile nyayo hazikunyamaza. Zilianza kurudi nyuma, zikikanyaga kwa mdundo uleule, bila kukosea hata mara moja. Mzee, Anna aliniambia baadaye, alikuwa amenipa mgongo na kutoka kwenye duara huku akicheza, taratibu, mpaka migombani, kana kwamba ndivyo wimbo ulivyotaka. Wanawake wakapiga vigelegele. Wa nyuma yake akajaza pengo. Mzee wa kanisa, Anna anasema, alipiga makofi.

Hakuna mikono iliyogusana. Hakuna ng'ombe.

Lakini Asajile alimkimbilia baba yake kuomba radhi, nami nikarudi nyumbani na hofu nyingine. Anna alinisindikiza akisema, "Jitayarishe, mwenzangu. Atakwambia uache." Nililijua hilo. Neno moja la mzee, na mimi ni wa kusikilizia kinanda jikoni mpaka niote mvi. Nililia, nasema wazi, nililia kama mtoto aliyeachishwa ziwa.

Asajile amerudi sasa hivi. Amekaa mlangoni, anacheka hata hawezi kuzungumza.

"Baba anasema ndaga, asante, kwa heshima uliyompa," amenambia. "Anasema usiache. Jumamosi ijayo yeye atacheza jua likiwa juu, kisha ataondoka kwa njia ya mtoni, ndipo wewe uje kwa njia ya mashamba. Lusekelo atangaze kwanza wakwe wote watoke ndipo aanze kuvuta kinanda."

Nimepiga kigelegele peke yangu humu ndani.

"Ngoja, sijamaliza. Anasema pia, ukigeuka, usilishushe bega la kushoto. Linakuharibia."

Mzee ambaye hajapata kuniona! Amelionea wapi bega langu, na tangu lini?

Nimesimama hapa kati ya kitanda na mafiga, nimegeuka polepole. Kweli, linashuka.