Ubeti wa Kwanza

Mwaitu wangu mpendwa,

Mbaazi ulizotuma zimefika. Nilizipika na mahindi ya muthokoi, wenzangu wa hospitali wakamaliza sufuria. Hapa Ikutha mvua ilinyesha mara moja ikaenda zake. Huko Kalamba mmepanda?

Mama, kuna jambo. Nimepata ile nafasi ya kwenda Nairobi kuongeza masomo ya dawa ya usingizi. Tunaanza Jumatatu, na wewe unapasuliwa rovu Alhamisi ya wiki hiyo hiyo. Nilizijua tarehe zote mbili nilipokubali. Nilijiambia utaelewa, halafu nikakosa nguvu ya kukupigia simu.

Uliwakatalia madaktari wote, ukasema hakuna atakayekulaza usingizi ila binti yako. Umebeba hilo rovu shingoni mpaka nikamaliza chuo. Na nasikia umewaambia kina mama wa kanisa kwamba mimi huimba na wagonjwa mpaka usingizi uwachukue, na wimbo wako umeshauchagua.

Atakayekulaza ni Tariq, mwenzangu kutoka Mwingi. Mkono wake ni mwepesi kuliko wangu, sikudanganyi. Yeye ni Mwislamu, wimbo wako wa kanisani hakuujua, kwa hivyo nimemfundisha. Jana aliuimba vizuri mpaka nikatoka nje.

Nimemfundisha ubeti wa kwanza tu. Sijaona mgonjwa aliyefika wa pili.

Ukiamka, Mwaitu, usinitafute.

Mtoto wako,
Mutanu