Barua za Ami Nassor

Jumatatu, 3 Novemba
Dawa ya Baba saa moja. Uji, vijiko vitatu. Daktari wa Nizwa kasema hakuna la kufanya tena, tumpe raha tu. Mchana kasimulia ule mkutano wa viongozi wa Afrika: yeye kijana mpiga taipu, wao wakiapa kuwa bara zima ni ndugu. Mmoja alimshika bega. Majina yao yote anayajua. Langu kalisahau.

Jumatano, 5 Novemba
Bi Salma kapiga simu kutoka Ibra. Atakuja kumuaga. Ni mjane wa Ami Nassor, nduguye Baba, aliyekamatwa Unguja baada ya Mapinduzi, kabla ya jamaa kuhamia huku Oman, akafia jela. Sote tunajua Baba aliwaandikia viongozi wale wamwombee aachiwe. Hakuna aliyejibu. Bi Salma huwalaani kila baada ya sala, mmoja mmoja kwa jina. Nami nimekua nikiwachukia.

Alhamisi, 6 Novemba
Nilikuwa natafuta vyeti vya Baba kwenye kasha. Nimekuta bahasha saba. Zimeandikiwa marais sita, waziri mkuu mmoja. Stempu zimebandikwa. Muhuri wa posta hakuna.
Hazikupelekwa.

Ijumaa, 7 Novemba
Nimemuuliza. Leo akili ilimtulia, bahati mbaya. Kasema alikwenda posta mara tatu, mara tatu akarudi. Barua zilikuwa zikifunguliwa na serikali, na chini pana jina lake.
"Niliogopa, mwanangu. Salma nikamwambia zimekwenda. Akawa anangoja majibu, nikashindwa kumwambia kweli."
Nikamuuliza kama zingemwokoa Ami.
"Sijui. Mpaka leo sijui."
Hakulia. Nilimchukia saa nzima. Kisha nikambadilisha nguo, maana amejikojolea.

Jumapili, 9 Novemba
Bi Salma kafika. Njiani kanunua ndizi kijijini Birkat al Mauz. Baba hawezi tena kumeza ndizi. Kakaa naye kitandani, kamshika mkono, kamshukuru kwa zile barua.
"Wewe ulifanya lako, shemeji. Wao ndio hawakuwa watu."
Baba akanitazama mimi. Nami kweli sikuitoa, nikazipeleka ndizi jikoni. Sasa uwongo ni wetu wawili, na yeye anakwenda zake.

Jumatatu, 10 Novemba
Nimemrudisha Bi Salma Ibra. Kalala njia nzima, kichwa kaegemeza kwenye kioo cha gari. Kwenye matuta nilipunguza mwendo asiamke.