Nani Atamgeuza Mzee

Jumatatu, 3 Machi

Ulikuwa wapi, bibi wee? Tangu mvua zilizopita hujafungua daftari! Mjukuu kajichosha kukufundisha herufi, nawe unaziacha zioze kama viazi. Mgongo, mgongo — visingizio! Mkono uliumwa?

Haya. Mgongo ni uleule, mwaka wa pili huu. Asubuhi nimemgeuza mzee atazame dirisha, kiuno kikalia kama mlango mbovu. Tangu kiharusi hana mguu wala mkono, ila mdomo anao. Eti nipumzike. Nipumzike, akugeuze malaika? Kacheka.

Mwanangu alikuwa mlangoni, hakucheka. Kasema nikishindwa atamchukua baba yake kwake, mimi niende kwa dada yake, mwanangu wa kike. Tugawanywe kama sufuria!

Alhamisi, 6 Machi

Hospitali. Binti wa mazoezi ya viungo — kimo cha kuku, vidole vya koleo. Kaminya vifundo vya kiunoni, kanyoosha mguu. Kasema nyama zimeshikana, zitaachia polepole, kupona kabisa haahidi. Nisinyanyue kitu kizito. Nikamwambia hicho kitu kizito ndicho kilichonioa.

Polepole! Mwanangu anarudi Jumamosi ya wiki ijayo kuona kama naweza.

Nikapitia kwa wifi, dada wa mzee wangu. Yeye hukanda waliojifungua: mafuta ya moto, kisha anakupanda kwa kisigino. Binti sikumwambia. Wifi sikumwambia. Mikono ya mmoja itachelewa, ya wawili itawahi.

Jumanne, 11 Machi

Binti asubuhi, wifi mchana. Nimetembea wima! Mzee kaniita bibi harusi. Mwongo mkubwa.

Alhamisi, 13 Machi

Naandika kwa ubavu. Jana tena wote wawili, na leo kiuno kimefunga. Nilipitisha mkono chini ya bega la mzee, nikavuta — magoti chini. Sikuinuka. Yeye kalowa kitandani, mimi sakafuni, tunatazamana. Kasema leo tumelingana, mke wangu. Nikalia. Si kwa maumivu.

Jirani ndiye aliyetuokota.

Ijumaa, 14 Machi

Wifi kanipeleka hospitali. Binti kafunua mgongo, kaona alama za kisigino. Bibi, nani kakukanyaga? Wifi akadakia: na wewe ni nani, unayeminya nilipokwisha kulainisha? Nusura wapigane juu yangu! Halafu wakanigeukia wote. Mbona hukusema? Nikajifunika kanga usoni.

Wamepatana. Mafuta ya wifi kwanza, bila kisigino. Vidole vya binti baadaye. Katikati siku za kupumzika — nyama iliyominywa nayo ni kidonda, kasema binti. Kamwonyesha wifi kumgeuza mgonjwa kwa shuka, watu wawili. Wifi na magoti yake mabovu! Na mtu wa pili nyumbani kwangu ni nani?

Kesho mwanangu anafika, sitawahi kupona. Najua.

Jumamosi, 15 Machi

Mwanangu kafika. Yuko uani, anaongea na simu, gari kaliacha milango wazi. Wifi kakaa na shuka mapajani, ananitazama. Anataka tumgeuze mbele ya mwanangu, aone. Binti alinikataza. Mgongo umekaza kama ubao.

Mzee kafumba macho. Hajalala, namjua.

Simu imekatwa. Hatua zinakuja.

Sikiliza, bibi wee. Ukirudi hapa usinipotezee wino na habari za mgongo. Andika kwanza mzee amegeuzwa na nani, na anatazama dirisha la nyumba ya nani.