Bega la Mama Mdogo

Mandewa, Singida
14 Julai 1997

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Habari za hapo Kinyangiri? Kifua cha baba kimeachia? Mimi na mdogo wako Klara tu wazima, na uwele uliotutumia tumeupokea, asante sana.

Nimepata kazi ya mwezi mmoja kwenye kiwanda cha alizeti anakofanyia mama mdogo. Bwana Jatin, aliyekinunua kutoka serikalini, analeta mashine mpya, hivyo amemwita mtaalamu, Bwana Gabrieli, apime viungo vya wafanyakazi: magoti, nyonga, mabega. Yeye hupima kwa rula mbili zinazofunguka kama mkasi. Mimi huandika jina, umri, mwanamume au mwanamke, na nyuzi za pembe ambayo kiungo kinafikia.

Hakuna aliyeelezwa sababu, basi watu wakajijibu wenyewe: asiyekunjika atapunguzwa kazi. Siku ya pili kiwanda kizima kilinuka samli, wazee wamejikanda tangu alfajiri. Mzee Mazengo, mpakiaji wa magunia, alichuchumaa akakwama. Vijana walipomwinua akawaambia wamuache, anapumzika kwa hiari yake. Wanawake walicheka mpaka machozi, na walikuwa na haki. Mama mmoja wa miaka hamsini na tano, aliyezoea kuokota mbegu miguu imenyooka, aliweka viganja vyote sakafuni. Vijana wa kiume wa miaka ishirini waliishia magotini. Klara akawauliza kama ni wake zao wanaowafunga viatu.

Lakini zamu yake ilipofika, mkono wake wa kulia ulisimama usawa wa bega, haukupanda tena. Nyuzi tisini, akasema Bwana Gabrieli.

Mama, niliandika mia na hamsini.

Akilini nilikuwa namwona akirudishwa nyumbani mbele ya wenzake. Siku tatu nilijiambia ni huruma. Siku ya nne Bwana Gabrieli alituonyesha mchoro wa mashine. Alisema hakuna atakayepunguzwa. Mdomo wa kumiminia mbegu utawekwa kwa kimo ambacho hata mwenye bega gumu kuliko wote atafika na ndoo yake. Bega hilo halikuwamo daftarini. Nilikuwa nimelifuta mimi.

Nikasimama nikasema ukweli, Bwana Jatin akiwepo. Aliniuliza nimedanganya wapi kwingine. Nikajibu hakuna, naye akaagiza wote wapimwe upya, mwandishi akiwa Belinda wa ofisini. Mimi sasa nashona magunia, na sinung'uniki. Kwenye mchoro, mdomo wa mashine umeshushwa hadi usawa wa kifua.

Nilipomweleza mama mdogo, aliniita msomi mjinga. Kisha akaniambia bega linamuuma mwaka wa pili na hakuwahi kumwambia mtu, hata wewe dada yake. Ameniruhusu nikuandikie. Anaomba tu usimpe pole mbele ya watu.

Anakuamkia kwa heshima. Mpe baba shikamoo yangu, na mdogo wangu Festo mwambie namkumbuka.

Mwanao akupendaye,
Eliana