Chonge za Jemedari

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza kuongea na wewe bila hiyo. Ungenifokea hata kutoka huko uliko.

Jemedari yuko hai. Nakuambia mapema kwa sababu ungeanza kumuulizia huyo dume wako wa nguruwe kabla ya kuniulizia mimi.

Nina hasira na wewe, Baba. Matiri nzima inajua sheria uliyoiweka mwenyewe: jike ndiye anayemfuata dume, dume hamfuati jike. Watu waliwaswaga nguruwe wao mpaka bandani kwetu, nawe ukawabonyeza mgongoni kwa viganja viwili kuona kama wako tayari kupandwa. Jike akikimbia, ulimwambia mwenye nguruwe amrudishe nyumbani. Akiganda, miguu imekaza na masikio yamesimama, ulicheka. "Huyu kachagua, sisi ni mashahidi tu." Basi ni nini kilichokutuma kwa Bibi Otilia siku ile?

Huruma. Bibi mguu ulikuwa unamuuma, hawezi kupanda mlima na nguruwe wake. Ukamfunga Jemedari kamba ya mguu, mkateremka, mimi mbele na ndoo ya pumba ya kumvutia. Ule ubao uliokuwa ukiingia nao bandani kila siku kujikinga, uliuacha umeegemea ukuta.

Hatukujua kwamba jirani wa bibi bado alikuwa na dume ambaye hajahasiwa. Ulimwambia tangu mnyama ananyonya: mlete nimhasi. Akawa anasema kesho, kesho, acha kwanza anenepe. Alikuwa ni uzao wa Jemedari mwenyewe, amekua, amesikia harufu ya jike, amevunja banda. Wakakutana uani kwa bibi.

Sijawahi kuona ugomvi wa namna ile. Walisimama bega kwa bega wakizungukana, wanatafuna hewa, povu linadondoka. Halafu wakaanza kuchanana. Si kuuma, Baba, kuchana: kichwa chini, kisha juu kwa nguvu, na chonge, lile jino refu linalotokeza nje, inapasua nyama inapopita. Sikio la yule kijana likabaki linaning'inia. Damu ikamrukia bibi kwenye gauni. Wakabiringika mpaka shambani, wakatumbukia kwenye shimo moja la kilimo chetu cha ngoro, maharage na udongo na damu vikachanganyika, na kelele zao bado nazisikia nikiwa naosha vyombo. Jike mwenyewe alikuwa pembeni anakula maganda ya ndizi.

Nawe ukaingia katikati. Kwa fimbo! Jemedari alirusha kichwa kumchana mwanawe, akakuta paja lako.

Nilikufunga paja kwa kanga, nikakaza, nikakaza tena. Tulipanda mshikaki kwenye bodaboda, wewe katikati, mimi nyuma nimekushika, na damu yako ikajaa kwenye kiatu changu. Nilikuwa namtukana dereva aongeze mwendo. Wewe ukasema taratibu, kana kwamba tuko bandani, "Kresensia, wasimuue. Hakunilenga mimi." Tulipofika Mbinga mjini nilikuwa nimeikumbatia maiti.

Siku ya kuanua matanga, Baba mdogo Osmund alikuja na mkuki. Watu walikuwa bado kwenye mikeka. "Aliyemuua kaka yangu ndiye anayekula pumba za kaka yangu?" Nikasimama mlangoni pa banda. Mungu ananiona, nilitaka ammalize, tena taratibu, ausikie ule mkuki. Lakini kinywa changu kikatoa maneno yako ya kwenye bodaboda, yote, kama ulivyoyasema. Baba mdogo akanitazama. Kisha akauchoma mkuki kwenye nguzo mpaka nguzo ikapasuka, akakaa chini akalia kwa sauti mbele za watu. Mpaka leo hasemi na mimi.

Mimi nami nilikuwa na mkuki wangu. Niliwaita majirani wakamkamata Jemedari kwa kitanzi cha pua, nikazikata chonge zake kwa msumeno wa waya. Alipiga kelele, nami nikapiga kelele kuliko yeye. Nilidhani nimemkomesha. Dume kibogoyo, nani atamtaka?

Wiki ileile akaletwa jike. Nikambonyeza mgongoni kama ulivyonifundisha. Jemedari akasogea, anaguna, povu limejaa mdomoni. Jike akalinusa lile povu tu, akaganda, masikio juu. Kinywa cha mwenzake hakukitazama hata mara moja. Baba, nilikaa kwenye samadi nikalia. Kumbe chonge zile ni za madume kwa madume, jike hana habari nazo. Umekufa kwa jino ambalo hata aliyegombewa hakuliomba! Baadaye nilifunga mlango wa banda nikaenda kunawa.

Jike wa Bibi Otilia naye amezaa. Wakati sisi tuko njiani na wewe, Jemedari alimfukuza mwanawe, akabaki uani na jike, akampanda. Vitoto vimezaliwa na meno makali kama sindano. Hata hawajakauka, wakaanza kuchanana nyuso wakigombea chuchu za mbele, na yule mdogo kuliko wote alisukumwa mpaka mama yake akamlalia. Bibi alitaka kunipa kimoja, nikakataa. Niliwakata vitoto meno, kazi yako ile.

Lala, Baba. Kaburi nimelipalilia, na Jumapili nitakuombea misa. Na ahadi ndiyo hii: maadamu nipo, hakuna mkuki utakaomgusa Jemedari. Asubuhi nitampa pumba na maji, akishikwa na homa nitamwita bwana mifugo, na atakufa kwa uzee wake. Nitamtunza, kwa kuwa ulisema wasimuue.

Lakini kumpenda hukuniagiza, na sitampenda.

Mwanao,
Kresensia